Jalada la Funguo za Shangazi

Kindu, Jumapili mchana

Mwanangu Mwamini,

Salamu tuziache, maana asubuhi tumekunywa chai meza moja na tukagombania sukari. Umekwenda mtaa wa Mikelenge kumuaga shangazi yako, na ninavyowafahamu ninyi wawili, hamtaachana kabla jua halijashuka. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa karibu na dirisha, sanduku lako liko miguuni pangu, umelizungushia kamba mara mbili kana kwamba kuna mbuzi ndani. Treni ikitimiza ahadi itaondoka kesho. Nimefanya kazi gare, pale kituo cha treni, miaka kumi na tisa, na neno ahadi nalitumia hapa kwa upole.

Mambo ya kuchemsha maji, kuchagua marafiki na kulala mapema shangazi yako atakuwa ameyamaliza leo, na kama amesahau moja atakupigia simu. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia. Si zuri, na ningependa ulisikie kwangu kabla hujaligundua mwenyewe.

Juzi tulipokuwa tukila ulisema hivi: "Baba, nikifika Lubumbashi, kitu ya kwanza nitatafuta kile kitabu ya mama. Nitakusomea mwisho yake kwa simu, tuone kama uliharibu." Ukacheka. Mimi nikakuomba uniongezee sombe ya majani ya muhogo, nawe ukashangaa, kwa sababu sahani yangu ilikuwa bado imejaa.

Mwamini, kile kitabu sijakisoma. Hata ukurasa mmoja. Yote niliyokusimulia tangu ukiwa na miaka minne, Safina na shangazi yake mwenye funguo saba, chumba kisichofunguliwa, kaka aliyepotelea kwenye machimbo ya Pangi, na ile siku Safina anarudi nyumbani na majirani wanampokea kwa vigelegele, nimeyatoa kichwani mwangu nikiangalia jalada. Jina la Safina lilikuwa la mbuzi wa jirani. Kaka nilimwongeza mwaka ule uliouliza kwa nini hakuna mwanamume hata mmoja katika hadithi.

Ukikipata kitabu huko, na wewe ukitafuta kitu hupata, utaona mara moja kwamba nilikudanganya. Hilo naweza kulibeba. Ninachoogopa ni swali litakalofuata, kama mengine niliyokuambia juu ya mama yako nayo niliyatoa kwenye jalada. Ndiyo maana naandika.

Nianze pale gare. Zamani zile treni ilichelewa kwa siku, si kwa saa. Abiria walipika, wakafua na kuanika nguo kwenye reli, na waliokuwa na vitabu walisoma, wakavibadilishana, wakaviacha. Mimi na Feruzi, mwenzangu wa gishe, dirisha la tiketi, tulikuwa na mchezo tuliouita kusoma mlango. Unachukua riwaya bila kuifungua. Unaangalia jina lake na picha ya juu, kisha unasema ndani mna nini, na unatoa sababu. Mwenzako anasema lake. Baada ya hapo mmoja wenu anakisoma kitabu chote na kuleta hukumu, na mwingine haruhusiwi kukigusa mpaka aambiwe mwisho. Aliyeshindwa anachota maji ya mwenzake chemchemini wiki nzima.

Sisi watu wa gishe tulijiona mabingwa wa mchezo huo, kwa sababu kazi yetu ilikuwa ileile. Mtu akija dirishani, kabla hajafungua kinywa, nilikuwa nimeshaangalia viatu vyake na mzigo wake nikajua anakwenda wapi na kufanya nini. Mara nyingi nilipatia. Ukipatia mara nyingi unaacha kuuliza, na mimi niliacha kuuliza nikiwa bado kijana.

Mama yako alikuwa mwalimu, anakwenda Kibombo kwa wazazi wake, na ilikuwa siku yake ya tatu ya kungoja treni. Mimi na Feruzi tulikuwa na riwaya mkononi, juu yake askari na msichana. Tulibishana kidogo tu, kwa kuwa wote tulisema ni mapenzi. Yeye alikuwa ameketi juu ya gunia lake la mchele, akatuangalia kwa muda.

"Nyinyi mumeangalia uso ya watu tu," alisema. "Ule askari iko na nini mu mukono?"

Tukaangalia. Askari alikuwa na upawa. Alisema basi hiyo ni habari ya mpishi, msichana ana njaa, na mapenzi kama yapo yatakuja baadaye. Akakiomba, akakisoma palepale juu ya gunia, na kilikuwa habari ya mpishi. Nilimchotea maji mpaka treni ilipokuja, ingawa wiki haikuwa imetimia na Feruzi hakuchota hata ndoo moja. Mwaka uliofuata tukaoana.

Nyumbani tuliuendeleza mchezo sisi wawili, na humo nikafanya kosa langu la kwanza. Kuna kitabu nilikisoma mimi, nikaona nimeshindwa, nikamwambia nimeshinda. Jambo dogo, nilitaka tu siku moja achote yeye. Alichota wiki nzima, kisha akakisoma mwenyewe. Siku mbili hakusema nami ila kwa kupitia kuku. "Kuku, ambia huyu baba chakula iko tayari." Ukicheka sasa, ujue mimi sikucheka. Siku ya tatu aliniapisha kwamba tangu hapo msomaji atakuwa yeye, na mimi kitabu tulichoshindania sitakifungua mpaka aniambie mwisho. Nikaapa. Lilikuwa jambo la mchezo, nikaapa kama mtu anayeahidi kurudisha kibiriti.

Kisha kikaja Funguo za Shangazi. Jalada unalijua, umelishika tangu utotoni, lakini ngoja nikuambie tulivyoliona sisi. Mwanamke yuko mlangoni, mguu mmoja juu ya kizingiti. Sanduku liko chini karibu naye. Mkono wa kushoto ameshika funguo. Mlango uko nusu wazi, na kuna kuku anayeliangalia sanduku. Uso wa mwanamke hauonekani vizuri, mchoraji ameuacha kwenye kivuli. Mimi nilisema anaingia. Sababu yangu ilikuwa ya mtu wa gare: anayetoka hushikilia sanduku lake, anayefika ndiye hulitua. Mama yako alisema anatoka.

"Mwanamuke mwenye anarudia kwake hasimamake mu mulango," alisema. "Anapita tu. Mwenye anasimama, njo anaenda."

Alikianza wiki ileile. Alisoma polepole, kwa sababu wewe ulikuwa umezaliwa na hukupenda kumwona ameshika kitu kisichokuwa wewe. Alama yake ilikuwa kipande chembamba cha kitenge cha bluu. Kila siku niliangalia alama imefika wapi, na kila siku nilimwuliza nani yuko mbele. Yeye aligeuza ukurasa tu.

Vita ilipotufikia tena, treni zilikuwa zimeshakoma. Habari ikaja kwamba nyanya yako wa Kibombo ni mgonjwa. Mama yako aliamua kwenda na wachuuzi wa baiskeli waliokuwa wakifuata njia ya reli, akae wiki mbili, arudi. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umetoka kwenye surua, hivyo ukabaki nami. Asubuhi ile alisimama mlangoni. Nililiona hilo, Mwamini, na nilikumbuka maneno yake. Alinionyesha kitabu, na kitenge kikiwa katikati.

"Nilifika hapa. Usifungue. Nikirudia nitamaliza, njo nitakuambia nani alishinda."

Nikamwuliza hata sasa, nusu ya kitabu, nani yuko mbele.

"Ngoja," akasema. Akaenda.

Baada ya siku chache mji ukazungukwa. Upande mmoja wenye bunduki hawa, upande mwingine wenye bunduki wale, na mtu wa kawaida hatoki wala haingii. Hayo umeyasikia kwa wengi, sina la kuongeza. Nitakuambia la chumvi tu. Chumvi ilikwisha. Sombe bila chumvi unaweza kuila siku tatu na kujiona shujaa. Wiki ya tatu unaichukia, unamchukia aliyeipika, na kama aliyeipika ni wewe, basi hali ni ngumu.

Sokoni alikuwepo Mama Anjelani, aliyekuwa bado na chumvi kidogo. Aliiuza kwa vijiko, akiifunga kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe. Karatasi nayo ilikuwa imekwisha mjini, na daftari za shule hakuzitaka, kwa sababu wino wake uliingia ndani ya chumvi. Alitaka karatasi ya kitabu. Aliniambia wazi kwamba nikimletea karatasi kumi, kijiko kimoja ni changu.

Vitabu vyetu vingine vilikwenda kwanza. Kikabaki hicho. Nilikaa nacho siku kadhaa, kisha nikajiambia kwamba nusu ya mwanzo ameshaisoma, haihitaji tena. Nikaanza kuchana kutoka mbele. Nilichana nikiwa nimegeuza uso, nisije nikaona neno, kwa sababu nilikuwa nimeapa. Ninajua linavyosikika. Nilishika kiapo kidogo huku nikikivunja kitabu chenyewe, na siku zile sikuona ajabu yoyote. Mara moja nilinunua karanga, nikakuta zimefungwa katika ukurasa wetu. Nikazimimina mfukoni na kuitupa karatasi bila kuiangalia, nikaenda zangu nikijiona mwaminifu.

Kisha nikafika kwenye kitenge. Nilisimama hapo siku nne. Siku ya tano nilichukua alama nikaisogeza mbele karatasi kumi, nikachana zile kumi. Nilijiambia akirudi hatakumbuka. Mwanamke aliyekumbuka upawa katika mkono wa askari! Wiki iliyofuata nikaisogeza tena. Nilipomaliza, kitenge kilikuwa kimekaa juu ya jalada tupu, hakuna kilichobaki cha kuwekewa alama.

Shangazi yako na Feruzi niliwaambia nilifanya hivyo kwa ajili yako, mtoto aliyetoka kwenye surua. Shangazi yako mpaka leo anaieleza hivyo, na huenda wakati huu huu anakueleza. Si kweli. Wewe ulikula sombe ile bila chumvi na kuomba nyingine, hukuwa na kumbukumbu ya chumvi. Aliyeshindwa ni mimi. Kwa miaka mingi nimetembea nikiwa baba aliyejinyima kwa ajili ya mtoto, watu wakanisifu, nami nikanyamaza nikipokea. Katika makosa yangu yote hili ndilo ninalolionea haya zaidi, kwa sababu nililifanya kila siku, bila njaa na bila vita.

Lakini siyo lililoniuma zaidi. Pale kwenye kitenge, zile siku nne, nilikuwa nikiamua kama mama yako atarudi. Sikukubali kwamba ndivyo ninavyofanya, lakini ndivyo nilivyofanya. Nilikuwa nimemwona amesimama mlangoni. Nilikuwa na jina na picha, nikasema ndani mna nini: ameondoka, mji umefungwa, hatarudi. Nikasogeza alama.

Njia ilipofunguka kidogo, mchuuzi mmoja wa baiskeli alitoka Kibombo akaja mpaka hapa kwenye kiti hiki. Alisema mama yako alifariki kwa homa, siku tatu tu za kuugua. Nilimwuliza ni lini. Alinihesabia kwa mavuno ya mpunga na kwa Ijumaa, na hesabu ikatoka wazi. Wakati ninaisogeza alama alikuwa hai. Alikuwa hai mpaka karatasi ya mwisho, na baada yake. Mchuuzi aliniambia pia kwamba alianza safari ya kurudi mara mbili. Mara ya kwanza walirudishwa kwenye kizuizi. Mara ya pili alifika mbali zaidi, mpaka mahali ambapo jioni waliweza kusikia milio ya bunduki ya Kindu, wakarudishwa tena.

Alikuwa anaingia, Mwamini. Mimi nilikuwa nimeshaandika moyoni kwamba ametoka.

Nililia sana siku ile, na nakuambia kwa sababu hujawahi kuniona nalia, na najua mtaani wanasema mimi ni mtu mkavu. Feruzi alikuja, akasema hukujua, ungejuaje. Alisema kweli. Lakini kutojua kulikuwa ruhusa ya kungoja, nami ruhusa hiyo nilikuwa nimeitumia kuamua.

Basi ulipokuwa na miaka minne ukalivuta jalada kutoka kwenye sanduku la bati ninamoweka kofia yangu ya kazi. Ukauliza huyu mama anafanya nini. Nikasema anarudi nyumbani. Ukasema endelea. Nikaendelea miaka kumi. Hukuniacha nimrudishe mara moja tu, ulitaka arudi kila siku, na uliposinzia kabla hajafika mlangoni nilimaliza peke yangu kwa sauti ndogo. Sijui huo ni uongo wa aina gani. Najua kwamba ulipokuwa darasa la sita ukausimulia mbele ya wenzako kama kitabu alichokipenda mama yako, nikaona nimechelewa kusema. Kila mwaka nikawa nimechelewa zaidi.

Sasa nikuambie yapi juu yake ni ya kweli, ili usiyapoteze pamoja na Safina. Kuku ni kweli. Upawa ni kweli. Kwamba aliimba vibaya na hakujali, ni kweli. Kwamba alikusahihisha matamshi ukiwa na miezi kumi, hujaanza hata kusema, ni kweli, shangazi yako alikuwepo. Kwamba alianza kurudi mara mbili ni kweli, na sikukuambia kamwe kwa sababu ningelazimika kukuambia na lile la kitenge. Nilikunyima jambo hilo ili nijifiche. Lilikuwa lako tangu mwanzo, na naomba unisamehe.

Nawe pia nimekusoma mlango, usidhani umepona. Ulipokuwa unawafunga wanasesere bandeji nilimwambia kila mtu utakuwa muuguzi. Ulipoanza kufundisha Mikelenge nilisema basi, huyu ataolewa hapo hapo na mkurugenzi wa shule, yule mwenye pikipiki. Miaka minne baadaye unakwenda Lubumbashi kusomea vitabu, ukiwa mkubwa kuliko utakaokaa nao darasani, na yule mwenye pikipiki ameoa huko mtaa wa Kasuku. Sijapatia hata mara moja. Hapo kwanza iliniudhi. Siku hizi, ukianza sentensi, najaribu kukaa kimya mpaka uimalize, na umeshaniuliza mara mbili kama masikio yangu yana shida. Hayana shida.

Ningeweza kukuambia haya yote leo jioni ukirudi. Naogopa uso wako. Kwa hiyo nitafanya ujanja wa mzee wa gare: nitakupa bahasha hii dirishani treni ikishaanza kusogea, usiweze kushuka na nisiweze kukimbia nayo. Utaifungua, nadhani, kabla ya Kibombo. Pale treni husimama kupakia mchele. Kaburi unalijua liliko, sikuombi ushuke. Angalia tu upande wa kushoto, njia ya baiskeli inakwenda sambamba na reli. Ndiyo aliyoijia.

Ndani ya bahasha nimetia jalada, na kitenge. Bluu imebaki kidogo. Ukikipata kitabu, kisome chote kutoka mwanzo kama mtu asiyewahi kusikia habari za Safina. Ukifika ukurasa wa mia na kumi na nane, namba pekee niliyoiangalia kabla sijachana, weka kitenge na upumzike siku moja, kwa sababu hapo ndipo yeye alipofika. Kisha endelea badala yake.

Wala usinieleze kinahusu nini. Niambie neno moja tu, anaingia au anatoka. Kiapo changu kilisema mama yako ndiye atakayeniambia mwisho, na nadhani wewe unatosha. Kama anatoka, yeye ameshinda. Siku hizi tuna bomba hapa uani, lakini tulikubaliana kwenye chemchemi, basi nitakwenda chemchemini, asubuhi na jioni, wiki nzima.

Baba yako